Tathmini: Mshale wa kusambaza wa WhatsApp na lawama ya kunyamaza

Kwa miaka sita sasa nimekuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la ukoo wetu, lenye watu mia moja na ushee walioko Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Katika muda huo nimeona kwamba kitu kinachotumika humo kuliko vyote ni ule mshale mdogo uliopinda kuelekea kulia, unaomwezesha mtu kuuchukua ujumbe wa mwenzake na kuupeleka kwingine bila kuongeza hata neno moja lake. Mtaani tunasema kufowadi. Watu huandika tathmini za majiko ya gesi, za simu mpya na za hoteli walizolala usiku mmoja, lakini mshale huu tunaoutumia tangu alfajiri hadi usiku wa manane sijaona mtu akiukalia chini na kuuliza kama unafanya kazi yake sawasawa. Nimeona niifanye kazi hiyo mimi, na nikiri mapema kwamba nimeshawahi kumtia mtu hasara kwa mshale huu huu.

Kwa wepesi, hauna mpinzani. Mtu hushikilia ujumbe kwa kidole, hugusa mshale, huchagua majina, hutuma. Picha au video inayosambazwa kwa njia hii haihitaji kupakiwa upya kutoka kwenye simu ya mtumaji, na ndiyo maana hata mwenye bando la kubangaiza anaweza kumpelekea mwenzake video ndefu ambayo asingethubutu kuipakia mwenyewe. Gharama humwangukia anayeipakua. Hii ndiyo zawadi pekee ninayoijua ambayo hulipiwa na anayepewa, na shukrani bado zikamwendea aliyetoa.

Kazi ambayo mshale unaifanya vizuri kuliko chombo chochote nilichokitumia ni kufikisha taarifa ya msiba. Wa umri wangu wanayakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam: tangazo lilisubiri zamu yake, na ndugu aliyekuwa shambani saa hiyo akalikosa, akaja kuambiwa matanga yameshaanuliwa. Babu yangu mdogo alipofariki mwaka juzi, binti yake aliandika mistari minne akiwa bado hospitali: jina la marehemu, msiba uko wapi, maziko ni saa ngapi, na namba ya kupokelea rambirambi. Kabla ya alasiri mistari ile ilikuwa imeshafika Muscat na kurudi, kwa maana binamu yetu wa huko alinitumia mimi, ambaye nilikuwa nimesimama kwenye korido ileile, hatua tano kutoka kwa aliyeiandika. Kwa kazi hii peke yake ningeupa mshale nyota zote tano na kunyamaza.

Lakini msiba ni sehemu ndogo ya mizigo yake. Ili kuelewa mingine, nilirudi kwenye uchunguzi wa Wamarekani wawili, Jonah Berger na Katherine Milkman, walioutoa mwaka 2012 baada ya kuzipitia karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times na kuangalia zipi wasomaji walizituma zaidi kwa barua pepe. Walikuta kwamba makala inayomwamsha mtu, iwe kwa mshangao, kwa hasira au kwa wasiwasi, hutembea mbali, na inayomhuzunisha tu hubaki palepale, kwa kuwa huzuni humlegeza mtu ilhali hasira humnyanyua kitini. Makala zenye manufaa ya moja kwa moja nazo zilitumwa sana. Nilipousoma kwa mara ya kwanza niliona haulihusu kundi letu kabisa, kwa sababu kwetu habari ya kuhuzunisha kuliko zote ndiyo inayokimbia kuliko zote. Baadaye nikaing'amua hitilafu ya hoja yangu. Taarifa ya msiba inaliza, ndiyo, ila kimsingi ni maelekezo: inamwambia mtu apande basi gani, awahi saa ngapi, achangie kwa namba ipi. Imo kwenye fungu la manufaa. Na kuhusu hofu na hasira hakuna haja ya ushahidi kutoka New York, kwa kuwa kila mwenye simu hapa nchini ameshapokea onyo kuhusu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wetu tulilisambaza kabla hatujamaliza kulisoma.

Hata hivyo hisia peke yake haimwelezi shangazi yangu. Huyu ni mama mtulivu, aliyekuwa karani kwa miaka mingi, asiyepaparika kwa lolote, na bado ndiye msambazaji mkuu wa ukoo. Siku moja alituletea onyo kwamba kula yai na ndizi kwa pamoja huua papo hapo. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

Tulipomaliza kuulizana hali nikamwuliza kama kweli ameuamini ule ujumbe wa yai na ndizi.

"Sijauamini wala sijaukataa," akasema. "Lakini wewe ukila ukadhurika, na mimi nilikuwa nao kwenye simu yangu, nitamwambia nini mama yako?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo naitazama huduma hii kwa jicho jingine. Hesabu ya shangazi imekaa sawa kabisa. Akituma uzushi, atachekwa kidogo kisha yataisha. Asipotuma, ikatokea kweli, atabeba lawama za ukoo mzima, kwa maana kwetu mwenye habari aliyenyamaza huhesabiwa kuwa karibu sawa na aliyetenda ubaya wenyewe. "Ulijua, ukatuacha" ni sentensi nzito mno. Ndiyo maana chini ya maonyo mengi yanayotufikia pana maneno "kama ilivyopokelewa", ambayo kazi yake ni kumwezesha mtumaji kutimiza wajibu wa kufikisha huku akiuacha wajibu wa kuthibitisha mikononi mwa mpokeaji. Kanzu ni yangu, doa si langu.

Waliotunga habari za kuzushwa wanaijua hesabu hii tangu zamani, kabla ya umeme kufika kwetu. Mwaka 1908, Wajerumani wakiwa hawajapoa na vita vya Maji Maji, zilienea kuanzia Lindi na pwani nzima nakala za barua iliyodaiwa kutoka Makka, na serikali yao ikashikwa na hofu ya maasi mapya. Barua ile ni ya jamii ya wasia wa Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume, ambao una matoleo mengi na umezunguka nchi nyingi za Kiislamu. Wasia huo humwahidi thawabu anayeunakili na kuupeleka mji mwingine, na humwonya vikali anayeusoma akaufungia ndani. Nakala ziliandikwa kwa mkono, kwa kalamu na wino, neno baada ya neno, na bado zikaenea. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilipotaharuki kwa habari za Popobawa, ilisemwa kwamba jinamizi hilo humwamuru aliyevamiwa awasimulie wengine, vinginevyo litamrudia. Msomaji anayepokea leo "tuma kwa watu kumi utapata habari njema kabla ya Ijumaa" anakutana na mtambo uleule uliopakwa rangi mpya. Kilichobadilika ni bei ya kunakili: zamani ilimgharimu mtu jioni nzima, leo haimgharimu hata kikohozi.

Nifike sasa kwenye kosa langu. Hapa Tanzania bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa hiyo Jumanne inayotangulia huwa ni siku ya tetesi. Jumanne moja usiku nilipokea kutoka kwa mwalimu wangu wa zamani, mtu ninayemheshimu sana, picha ya tangazo la bei yenye nembo, jedwali na sahihi, ikionyesha petroli imepanda kwa kiasi cha kutisha. Sehemu ya juu ya tangazo ilikuwa imekatwa kidogo. Nikamtumia shemeji yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda, nikaongeza na neno "wahi". Akamwacha abiria, akakopa hela, akapanga foleni sheli akajaza tangi, kisha akabeba madumu mawili akayaweka uvunguni mwa kitanda wanacholala yeye na dada yangu. Asubuhi bei ikatangazwa, imeshuka. Tangazo lile lilikuwa la kweli kila herufi, ila lilikuwa la mwaka uliotangulia, na tarehe ndiyo iliyokuwa kwenye ile sehemu iliyokatwa. Dada yangu alinipigia. Hakupaza sauti, aliniomba tu nije nilale mimi juu ya hayo madumu.

Ningependa kusema nilituma kwa upendo, na upendo ulikuwemo. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka pia kuwa wa kwanza. Kuna utamu wa pekee katika kumwambia mtu jambo asilolijua, na utamu huo umepimwa. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, wakiwa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, walizifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizozunguka Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakaeleza katika jarida la Science mwaka 2018 kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa uliozidi ule wa kweli kwa asilimia 70, na kwamba waliokuwa wakiisambaza hivyo walikuwa watu halisi, kwa sababu hata roboti zilipoondolewa kwenye hesabu tofauti ilibaki. Sababu mojawapo waliyoiona ni upya: uongo huwa mgeni masikioni kuliko ukweli. Tangazo langu la mafuta lilikuwa na sifa zote. Lilikuwa geni, lilitisha, lilimfaa mpokeaji, na lilikuwa na muda wa mwisho. Ilikosekana tarehe tu.

Na hapa ndipo nina malalamiko ya kweli dhidi ya mshale wenyewe. Ujumbe uliosambazwa huonyesha saa uliyofika kwangu na haunionyeshi ni lini ulizaliwa wala nani aliuzaa. Ukihama mkono huvuliwa nguo, ukaja ukiwa mpya kama mkate wa asubuhi. Mtandao wa Telegram hufanya tofauti, kwa kuwa kilichotoka kwenye chaneli husafiri na jina la chaneli hiyo, na ukiligusa hukurudisha kwenye chapisho la awali. WhatsApp nao wameweka kiungo cha namna hiyo kwa taarifa zinazotoka kwenye chaneli zao zilizoanza mwaka 2023, kwa hiyo ujuzi wanao. Ninatambua kwamba mazungumzo ya watu binafsi hufungwa kwa usimbaji, yasisomeke na mtu wa kati, tangu mwaka 2016 na kwamba kumtaja mwandishi wa kwanza kunaweza kumweka pabaya mtu aliyesema ukweli mchungu, na kwa hilo sitaki jina. Tarehe haimsaliti mtu.

Kampuni haijakaa bure, na haki isemwe. Katikati ya mwaka 2018, baada ya uvumi wa watekaji watoto kusababisha watu wasio na hatia kuuawa na makundi ya raia nchini India, iliweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, na kikomo cha kutuma kwa mazungumzo matano kwa wakati mmoja nchini India na ishirini kwingineko; Januari 2019 kikomo cha watano kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020, wakati sisi tukipokea maelekezo ya kujifukiza asubuhi, mchana na jioni, ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi, ambao tangu mwaka 2019 ulikuwa ukivaa mishale miwili, ulianza kuruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa kila hatua. Kampuni yenyewe ilisema kikomo cha watano kilipunguza usambazaji kwa asilimia 25, na kile cha mahali pamoja kiliushusha kwa asilimia 70 ujumbe wa aina hiyo.

Kati ya hatua hizo, alama naiona dhaifu na vikomo naviona imara, na sababu ni ileile ya shangazi. Alama humsemesha mpokeaji, ilhali mwenye kidole kwenye mshale ni mtumaji. Tena katika kundi letu mishale miwili imesomwa kinyumenyume. Mjomba mmoja alinieleza kwa dhati kwamba mishale miwili ni dalili ya habari muhimu, kwa kuwa wengi wameiona na kuipitisha, na watu wengi hawawezi kukosea wote. Aliyebuni alama ile alidhani anaweka kibandiko cha hatari. Kwetu imekuwa muhuri. Kikomo hakibishani na mtu. Humfanya atume mara moja, kisha tena, kisha tena, hadi achoke, na uvivu wa binadamu hufanya kazi ambayo mahubiri yangu ya miaka sita hayajaweza. Shangazi akilazimika kuchagua mahali pamoja, huchagua kundi la ukoo, na hapo angalau nipo kumjibu.

Tundu liko wazi, na kila mtu analijua: ukinakili maneno na kuyabandika upya, au ukapiga picha ya skrini, ujumbe huanza maisha mapya bila mshale wala kikomo. Tangazo langu la mafuta lilinijia hivyo, safi kabisa. Vijana wa kundi hunakili kila kitu kama mazoea. Wazee hutumia mshale, kwa hiyo vikomo huwabana wazee peke yao, jambo ambalo sidhani kama lilikusudiwa.

Kitu ambacho mshale haufanyi ni kumwuliza mtumaji swali lolote. Twitter, kabla haijaitwa X, ilianza mwaka 2020 kumwuliza mtu anayetaka kusambaza makala kama angependa kuisoma kwanza, na ikaeleza kwamba waliopewa swali hilo walifungua makala mara nyingi zaidi, kwa asilimia 40. Swali dogo, lisilo na kashfa wala adhabu. Sisi wasimamizi wa makundi tunaliuliza kwa mikono. Nimeweka kwenye maelezo ya kundi anwani za kurasa za JamiiCheck na Nukta Fakti, wanaofanya kazi ya kuhakiki uzushi kwa Kiswahili, na nimewakumbusha ndugu kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ilipotajwa kundi lilinyamaza siku mbili kisha likarudi kama kawaida. Sheria haikumgusa shangazi hata kidogo, kwa sababu yeye haogopi polisi. Anaogopa kulaumiwa na mama yangu.

Kilichosaidia kidogo ni jambo nililolipata kwa bahati. Nilimwomba shangazi kwamba onyo lolote analolipata anitumie mimi kwanza, halafu mimi nichukue dhamana ya kulipeleka au kutolipeleka kundini. Alikubali palepale, tena kwa nafuu iliyosikika kwenye simu. Mzigo ulikuwa umepata mbebaji; likitokea la kutokea, yeye alishasema, na aliyenyamaza ni mimi. Sasa kila asubuhi baada ya dua hupokea kutoka kwake maonyo matatu au manne yenye mishale miwili miwili, na mengi hulala kwangu. Ninakiri kwamba mara mbili nimeshindwa kulala kwa ajili ya moja wapo, nikaamka nikalisambaza.

Kwa hiyo nyota ni tatu kati ya tano. Moja ni ya wepesi, moja ya msiba, na moja ya vikomo. Ya nne naishikilia hadi siku nitakapopokea tangazo la bei ya mafuta na kuona chini yake, kwa herufi ndogo tu, siku lilipotumwa kwa mara ya kwanza. Madumu ya shemeji bado yapo, matupu, na dada yangu ameyapanga makusudi pale mlangoni ninapovulia viatu.